Sura ya Saba: Bomba Lililoacha Kuimba

Saa nane kasoro dakika kumi mchana, Inspekta alimteremsha mtuhumiwa wake nyuma ya hospitali, upande wa dobi, ili watu wa mapokezi wasimwone na pingu.

"Mvue," alimwambia askari.

"Afande, utaratibu unasema..."

"Akikimbia nitamkimbiza mimi. Mvue."

Mtuhumiwa alikuwa mwendesha redio wa hospitali. Wafanyakazi walimwita Sauti, kwa kuwa wengi wao walimsikia kwenye redio kabla hawajamwona kwa macho. Gauni lake lilikuwa na madoa mawili ya maziwa kifuani. Mwanawe wa miezi minane alikuwa kwa bibi yake tangu juzi, akigombana na chupa.

Kesi yenyewe ilikuwa ya Jumanne. Asubuhi hiyo gari la wagonjwa lilikwama kwenye daraja lililobomoka huko mlimani, ndani likiwa na mama mwenye uchungu. Simu za mkononi hazishiki kule. Nesi aliyekuwa garini aliita kituo kwa redio mara nne, na mara zote nne hakujibiwa. Mama alijifungulia humo humo garini. Yeye alinusurika, lakini kichanga chake hadi leo Ijumaa kilikuwa kwenye kisanduku cha joto, kikivuta pumzi kwa kuhesabu. Saa kumi jioni jalada lilitakiwa kuwa mezani kwa mwendesha mashtaka. Kosa lililoandikwa lilikuwa uzembe kazini. Kichanga kikifa, kosa lingepata jina lingine.

Walipita katikati ya shuka zilizoanikwa. Kamba ilikuwa ndefu kuliko ua wenyewe, na katikati ilinyanyuliwa na mti mmoja ili shuka zisiburute chini. Upepo ulipovuma, Inspekta alisikia mlio mzito, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Uuuu.

"Nini hicho?"

"Mti wangu wa kamba," alijibu mama dobi, vibanio viwili vikiwa mdomoni. "Upepo ukija unaniimbia. Mume wangu miaka thelathini hajaniimbia hata siku moja."

Kisha akamwona aliyekuwa nyuma ya Inspekta. Vibanio vikatoka mdomoni.

"Mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Muongo mkubwa."

Sauti aliuliza kwa chini, "Kichanga je?"

Mama dobi alishika shuka, akaikung'uta ingawa ilikuwa imeshakung'utwa. "Nepi za wodi nzima nafua mimi. Yake haijaja tangu jana asubuhi."

Inspekta mwenyewe alikuwa mama wa wawili. Kichanga kisichokojoa, mzazi haulizi maana yake.

*

Chumba cha redio kilikuwa ghorofa ya tatu, chini kidogo ya paa. Kilikuwa na meza moja, kiti kimoja, redio yenye maikrofoni ya kushika, daftari la mawasiliano, na ubao mweupe wa kuandikia magari yaliyo safarini. Katibu wa hospitali alisimama karibu na mlango akitazama saa yake. Kwenye kiti alikaa fundi wa redio, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye tangu mtuhumiwa akamatwe ndiye aliyekuwa akishika zamu. Jina lake la utani lilikuwa Mawimbi.

"Mzee, mpishe," Inspekta alisema. "Nataka akae alipokaa Jumanne."

"Amesimamishwa kazi," Katibu akaingilia. "Haruhusiwi kugusa mtambo."

"Hatagusa. Atakaa tu. Kukaa bado hakujapigwa marufuku."

Sauti alikaa. Mikono aliiweka mapajani kama mtoto aliyekatazwa kugusa vyombo.

"Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne. Ulikuwa wapi?"

"Getini."

"Unafanya nini?"

"Nanyonyesha. Mtoto alikuwa na homa, amekataa uji na chupa, mama mkwe akamleta. Nilichukua dakika kumi. Nilimwomba mlinzi anitazamie saa."

"Umeandika, Inspekta?" Katibu alikuwa ameshasogea. "Amekiri mwenyewe. Hakuwepo."

"Amekiri dakika kumi." Inspekta alitoa kijitabu cha nesi, akakifungua mezani. "Nesi aliita saa tatu na dakika ishirini. Akaita tena dakika thelathini na tano, tena dakika hamsini, na mwisho saa nne na dakika tano. Dakika kumi haziwezi kumeza simu nne, Katibu, hata ziwe na njaa namna gani."

Akavuta daftari la mawasiliano, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Soma hapa."

Katibu alisoma kwa kusita. "'Saa tatu na dakika arobaini na tisa. Gari la Kwanza, sokoni. Chaneli ya tatu. Wanarudi na majeruhi mmoja.'"

"Nimeongea na dereva wa Gari la Kwanza. Anasema alijibiwa kabla hajamaliza kujitaja. Haya, dakika moja baadaye nesi anaita kutoka mlimani, kwenye chaneli hiyo hiyo ya tatu. Mtu huyu huyu, kiti hiki hiki. Kwa nini asimsikie?"

"Alimsikia akapuuza."

"Sikumsikia," Sauti alisema. Sauti iliyojulikana hospitali nzima ilitoka imekwaruza. "Naapa kwa mwanangu, sikusikia kitu. Palikuwa kimya."

"Labda redio ya gari ndiyo mbovu," alisema askari.

"Niliwaza hivyo. Jana nilikwenda nayo kwenye zahanati ya huko huko mlimani. Inasikika kama filimbi." Inspekta aligeuka. "Inabaki redio ya hapa."

Mawimbi alivua miwani. "Redio yangu, afande?"

"Si yako, mzee, ni ya hospitali. Lakini ndiyo, hiyo."

Mzee hakubishana. Aliinama, akazungusha kitufe hadi chaneli ya tisa, akabonyeza maikrofoni. "Ghala la dawa, hapa kituo. Mnanipata?"

"Safi kabisa, mzee!" Jibu lilijaa chumba kizima. "Leo umepima mara mbili, una wasiwasi gani?"

Mawimbi aliweka maikrofoni chini kwa heshima. "Kila siku saa moja asubuhi napima hivyo. Haijakosa hata siku moja."

"Kwa chaneli ya tisa."

"Ndiko waliko ghala, na ndio walio macho saa hiyo. Lakini antena ni moja, afande. Ikisikia tisa, itasikia tatu. Antena ni urefu tu. Ukishaupata urefu, umemaliza kazi. Muulize yeyote hospitali hii, wimbo huo nimewafundisha wote."

"Na urefu umeupima?"

"Jumatano, baada ya mkasa. Mita moja na sentimita sabini, kama nilivyoikata miaka tisa iliyopita. Sikupanda mwenyewe, magoti yangu na ngazi yameshaachana. Nilimpandisha fundi wa matangi na futikamba."

Inspekta alitoa kichwa dirishani. Juu, kwenye ukingo wa paa, antena ilisimama wima kwenye mlingoti wake: bomba la rangi ya fedha, nene kama kifundo cha mkono. Halikupinda wala kuvunjika.

"Saa nane na robo," Katibu alisema. "Mwendesha mashtaka haoni haya kunipigia simu. Tumalize."

Inspekta alirudi mezani, akachuchumaa mbele ya kiti ili macho yake na ya mtuhumiwa yawe sawa.

"Umekaa hapa miaka mingapi?"

"Minne."

"Achana na Jumanne. Nieleze chumba. Kitu gani hakiko kama zamani? Hata kama ni cha kijinga."

Sauti alitazama meza, ukuta, pazia.

"Hakuna kitu, afande. Labda kimya."

"Kimya gani?"

"Antena ilikuwa inaimba. Upepo ukivuma, bomba lile liko wazi juu, lilikuwa linatoa mlio. Uuuu. Nilipokuwa mjamzito nilikuwa namwambia mtoto, sikia, bibi yako anakuimbia. Ni kama wiki mbili sasa haliimbi. Nikadhani upepo umepungua."

Pazia lilivimba. Upepo uliingia ukafungua kurasa tatu za daftari, na juu ya paa hapakusikika kitu chochote. Lakini kutoka chini uani, ghorofa tatu chini, ulipanda mlio mzito wa mdomo wa chupa.

Uuuu.

Inspekta alisimama. Macho yake yalipita juu ya ubao mweupe, yakarudi, yakabaki hapo. Mstari wa pili uliandikwa kwa mkono wa Mawimbi: Gari la Pili. Mlimani. Kutoka saa sita na nusu. Kuripoti darajani saa nane.

"Limeripoti?"

"Bado," alisema Mawimbi.

"Chaneli gani?"

"Ya ta..." Mzee hakuimalizia.

"Nani yuko ndani?"

"Nesi yule yule. Wamefuata mtoto anayebanwa na pumzi. Daktari anasubiri taarifa zake ili amwelekeze dawa."

"Na muda wa kuripoti ukipita mnafanya nini?"

"Tunasubiri," Katibu alisema. "Barabara mbovu ile. Watakuwa wamechelewa."

"Jumanne pia mlisubiri," Inspekta alisema, na alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

*

"Mama, mti huu umeupata wapi?"

"Jamani, na mti nao umeua mtu?"

"Wapi, mama!"

"Kanipa fundi wa matangi. Wiki mbili hizi. Alisema ni chuma chakavu, nikamwombea dua."

Inspekta alipitisha kucha kwenye bomba. Lilikuwa la alumini, nene, na rangi ya fedha iliyobabuka. Ncha ya juu ilikuwa wazi. Ncha ya chini ilikuwa na meno, kama mua uliovunjwa kwa goti.

"Usilitoe mahali pake," alimwambia askari. "Bado. Yuko wapi huyo fundi?"

"Huko huko juu ya paa," mama dobi alijibu. "Tangi linavuja tena."

Inspekta alimwacha askari uani, akamkuta fundi juu amepiga magoti kando ya tangi, bisibisi sikioni kama kalamu ya karani. Mawimbi alifika nyuma ya Inspekta akihema, kila ngazi ameilipia kwa goti. Begani alining'iniza mkoba wake wa mita.

Inspekta hakusalimu. Alipanda juu ya matofali mawili, akafikia antena, akaigonga kwa funguo zake.

Ko. Ko.

Chuma hakilii hivyo. Hiyo ilikuwa sauti ya ndoo.

"Plastiki," alisema Inspekta.

Fundi wa matangi aliondoa bisibisi sikioni. Alimtazama Inspekta, akamtazama mzee, akachagua mzee.

"Ngazi iliteleza, mzee. Ililiangukia likakatika kwenye shina. Lakini nilirekebisha!"

"Kwa kitu gani?"

"Ndani mna waya wa shaba. Shaba safi, bora kuliko ile alumini. Nimeukata mita moja na sentimita sabini, milimita haikupungua. Mwembamba, ndiyo, nikauvisha bomba la plastiki usiyumbe, nikapaka rangi. Mzee, si wewe uliyesema? Tulikuwa tunakunywa chai hapo hapo. Antena ni urefu tu!"

"Kwa nini hukuripoti?" Inspekta aliuliza.

"Nina mkataba wa miezi mitatu, afande. Mwezi wa kwanza nilivunja sinki la theata."

Mawimbi alikaa kwenye ukingo wa tangi. Alionekana ghafla mzee kuliko saa moja iliyopita.

"Kweli. Nilisema mimi."

"Mzee, utajilaumu jioni. Sasa nieleze. Kuna gari huko nje linaita."

"Urefu ni nusu ya habari," mzee alisema haraka. "Nusu nyingine ni unene. Nikasema nusu moja kwa kuwa ndiyo inayotosha kwenye chai. Bomba nene, afande, ni geti. Chaneli ya kwanza hadi ya tisa zote zinapita bila kugusana mabega. Waya mwembamba ni mlango wa uchochoroni: aliye katikati kabisa anapita, aliye pembeni anagonga ukuta. Halafu bomba nene hukatwa fupi kidogo, ndivyo linavyotaka. Ukaukata waya mwembamba kwa kipimo hicho hicho, unakuwa mfupi mno, na ule mlango wenyewe unahama. Unapanda juu."

"Hadi chaneli ya tisa."

"Hadi chaneli ya tisa. Ambayo mimi kila asubuhi naisalimia kama mjinga. Ya tatu imeachwa nje mlangoni."

"Mbona Gari la Kwanza lilisikika kwenye ya tatu?"

"Lilikuwa sokoni. Sokoni ni kupigiana kelele, hata ukuta unasikia. La mlimani linanong'ona."

Inspekta alitazama saa. Nane na dakika thelathini na moja. "Kulirudisha lile bomba, dakika ngapi?"

"Nusu saa."

"Una kumi."

Aliinama ukingoni akapiga kelele kwa askari aliyekuwa uani. Wote walisikia shuka zikianguka, kisha wakamsikia mama dobi.

"Ehee! Serikali imenivua nguo mchana kweupe!"

Askari alipanda na bomba begani. Fundi wa matangi alikuwa ameshafungua plastiki na kuuchomoa waya. Ulining'inia mkononi mwake, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Mawimbi alikata meno ya chini ya bomba kwa msumeno ili liingie kwenye shina, akalipima, akatulia.

"Limepungua vidole viwili."

"Kwa hiyo?" Inspekta aliuliza. "Mzee, kwa hiyo nini?"

"Waya ungetunyima. Nene husamehe vidole viwili. Pandisha, kijana mkubwa wewe, na ngazi safari hii naishika mimi."

Boliti ya kwanza iliingia. Ya pili ilianguka, ikabiringika hadi ukingoni, Inspekta akaikanyaga kwa kiatu. Mkono wa fundi ulikosa tundu mara mbili.

"Pumua," Mawimbi alimwambia. "Urefu nilikosea mimi, wewe ulipima vizuri."

Boliti ya pili ikaingia. Mzee aliunganisha mita yake, akabonyeza, akatazama mshale. Ulinyanyuka kidogo, ukalala. Alibadili chaneli, akatazama tena. Ukalala tena, kama alivyotaka. Alikuwa bado ameinamia mita wakati upepo ulipogeuka ukapita juu ya ncha iliyo wazi, na paa lote likaimba.

Uuuu.

Chini yao, kwenye dirisha lililo wazi, mtu alikuwa akiongea kwa mbali sana.

*

Inspekta aliingia chumbani akakuta watu wawili hawajasogea. Sauti alikuwa bado kitini, mikono mapajani, machozi yakimtiririka bila kufutwa. Katibu alikuwa amefunika maikrofoni kwa kiganja, hajui aishike vipi.

"...kituo, hapa Gari la Pili. Naita mara ya saba. Kama mnanisikia, mtoto pumzi zinakatika. Namhitaji daktari. Kituo..."

"Amesimamishwa," Katibu alisema, lakini alisema kama anayeuliza.

"Toa mkono, Katibu. Kamwite daktari, kwa miguu yako. Kimbia." Inspekta akamgeukia aliye kitini. "Jibu."

Sauti alitazama saa ya ukutani kwanza, akaandika dakika kwenye daftari, kisha akashika maikrofoni. Ilipotoka, sauti yake haikuwa na mkwaruzo wowote.

"Gari la Pili, hapa kituo. Nakupata vizuri, dada. Daktari yuko njiani. Nipe umri wa mtoto, nipe rangi ya midomo yake. Nipo hapa, siendi popote."

Nesi wa mlimani alivuta kamasi hewani.

"Miaka miwili. Midomo inaanza kuwa bluu. Ee Mungu, mmejibu."

Daktari aliingia mbio, akaanza kutaja dozi, na Sauti akazirudia neno kwa neno. Dakika kumi na moja zilipita hivyo. Saa nane na dakika hamsini na tano nesi alisema midomo inarudi rangi yake, na gari limegeuza kurudi.

Hapo ndipo Sauti alipoweka kalamu chini.

"Afande. Ile simu ya kwanza. Ya saa tatu na dakika ishirini, nilipokuwa getini. Ningekuwepo, ningeisikia?"

"Ungekuwepo usingeisikia," Inspekta alisema. "Ulikuwa umekaa hapa kwa zile tatu nyingine, ukasikia nini?"

Sauti aliinamisha kichwa juu ya daftari. Askari, aliyekuwa mlangoni na pingu mkononi, alizirudisha mfukoni polepole ili zisilie.

*

Uani, shuka zilikuwa zimelundikana kwenye beseni zikisubiri kufuliwa upya. Inspekta alikuja kuomba radhi. Alikuwa na simu sikioni, akisubiri mwendesha mashtaka apokee.

"Usiniombe radhi, nishikie," mama dobi alisema. Alimkamata mkono ulio wazi, akauinua juu, akailaza kamba kiganjani. "Umeniondolea mti, sasa mti ni wewe."

Inspekta alisimama na mkono juu, na mama dobi akachukua kitu kidogo kutoka kwenye ndoo ya pembeni. Hakukianika mara moja. Alikikunjua, akakinyoosha pembe zote nne, akakishikilia mbele ya jua kama mtu anayekagua noti.

Ilikuwa nepi, ndogo kuliko leso.

"Wameniletea sasa hivi kutoka chumba cha kisanduku," alisema. "Ilikuwa imelowa. Imelowa chapachapa, mwanangu, mpaka nesi wa wodi kaileta anacheka."

Aliibana katikati ya kamba, peke yake.

Simu ilipokelewa. "Inspekta? Saa kumi inakaribia. Jalada liko wapi?"

"Jalada haliji," alisema Inspekta, na akainua mkono juu zaidi ili nepi isiguse chini.